Mvutano wa uhariri Wikipedia: hatua za kufuata kabla ya kufungiwa

Kila baada ya mashindano ya uandishi, wahariri wapya hutuletea malalamiko yaleyale: "makala yangu imefutwa", "nimefungiwa bila kosa". Mengi yangemalizwa kwenye ukurasa wa majadiliano. Ieleweke pia kwamba Wikipedia hakuna makala ya mtu. Ukishachapisha, umekubali wengine wairekebishe.

Chukua idadi ya watu wa Dar es Salaam. Mhariri mmoja anaandika 5,383,728, ya sensa ya 2022. Mwingine anaifuta na kuweka zaidi ya milioni 7, kutoka makadirio ya kimataifa. Wa kwanza anarudisha, wa pili anatengua (anafuta badiliko hilo na kurudisha lake), na ndani ya saa moja historia ya ukurasa imejaa majina mawili tu. Wote wana chanzo. Lakini sensa ilihesabu watu ndani ya mipaka ya mkoa, ilhali makadirio hukokotolewa kwa njia nyingine na kwa mwaka mwingine. Dawa yake ni sentensi mbili, kila moja na mwaka wake na tanbihi yake.

Basi, badiliko lako likitenguliwa, usilirudishe. Fungua Majadiliano, anzisha mada mpya, nakili sentensi inayobishaniwa neno kwa neno, taja chanzo na namba ya ukurasa, na uandike ungependa isomekeje. Mtaje mwenzako kwa jina lake la mtumiaji, kisha weka saini kwa alama nne, ~~~~. Jina na saini viingie katika hariri moja. Ukisahau saini ukaiongeza baadaye, mwenzako hapati taarifa, nawe utadhani amekupuuza. Mpe siku kadhaa. Naye anajitolea kama wewe.

Mkikwama, Wikipedia ya Kiingereza ina utaratibu wa maoni ya mtu wa tatu, kwa mabishano ya watu wawili tu. Wakiwa zaidi, huombwa maoni ya jumuia nzima, na mjadala kwa kawaida hukaa wazi siku 30. Hapo hazihesabiwi kura, hupimwa hoja na vyanzo. Kuwaita rafiki zako wa kundi la WhatsApp waje kukuunga mkono ni kosa lenyewe. Kwenye Wikipedia ya Kiswahili wahariri ni wachache, kwa hiyo peleka suala ukurasa wa Jumuia.

Kuhusu adhabu, kanuni ya Wikipedia ya Kiingereza ni hii: anayetengua zaidi ya mara 3 katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa. Kutengua sehemu ndogo kunahesabiwa, hata ukigusa sentensi tofauti kila mara. Akaunti mbili za mtu mmoja huhesabiwa pamoja. Kungoja saa 24 zipite kidogo ndipo utengue tena hakukuokoi, wala si lazima ufike mara ya 4 ndipo ufungiwe. Mara ya kwanza mara nyingi ni saa 24. Ukirudia, muda huongezwa. Haihesabiwi kuondoa uharibifu wa wazi, maandishi yaliyonakiliwa kinyume cha hakimiliki, wala tuhuma zisizo na chanzo dhidi ya mtu aliye hai. Tuhuma za namna hiyo ziondoe papo hapo, majadiliano yafuate. Ukifungiwa, weka ombi la kufunguliwa kwenye ukurasa wako wa majadiliano, ueleze kosa lako, si la mwenzako. Kufungua akaunti mpya ili kukwepa adhabu huirefusha.

Tumelisema mara nyingi, na tunalirudia: mkabidhi, yaani msimamizi mwenye uwezo wa kufungia wahariri na kulinda kurasa, si hakimu wa ukweli. Akiulinda ukurasa, yaani akiufunga usihaririwe, kwa kawaida huuacha alivyoukuta, na hiyo si dalili kwamba ameukubali. Kumsumbua faraghani "arudishe toleo sahihi" hakusaidii.

Vivyo hivyo, katika makala ya mzazi wako, hoja ya "mimi ni mwanawe, najua alikozaliwa" haisaidii. Tangaza uhusiano wako kwenye majadiliano, kisha leta chanzo kilichochapishwa. Gazeti la zamani lisilopatikana mtandaoni linakubalika, mradi utaje jina lake, tarehe na ukurasa.