Kranberi inasaidiaje meno na fizi?

Wengi wetu kranberi tunaijua kwa mambo ya UTI, mtu akilalamika mkojo unachoma anaambiwa kanunue ile juisi nyekundu ya boksi. Siku hizi inasemwa inasaidia na meno pia, na kweli kuna kitu hapo ila lazima kieleweke vizuri.

Ni kitunda kidogo chekundu cha Amerika Kaskazini, kichachu mpaka unakunja uso, huko Marekani jimbo la Wisconsin ndo linaongoza kukilima. Ndani yake kuna kemikali zinaitwa proanthosayanidini, na kazi yake kubwa ni kuwanyima bakteria pa kushika.

Sasa mdomoni iko hivi: unakunywa chai ya sukari na andazi lako, bakteria wanaoitwa Streptococcus mutans wanaichukua ile sukari wanatengeneza kama gundi, wanajibandika nayo kwenye jino, wenzao wanakuja wananing'inia hapohapo, ndo ule ukoga unaousikia ukipitisha ulimi asubuhi kabla hujapiga mswaki. Humo ndani wanatoa asidi inayokula jino mpaka linatoboka, na ukoga ukikaa pembeni mwa fizi, fizi zinavimba, ukipiga mswaki unatema damu.

Mwaka 1998 watafiti wa Israeli walichapisha kwamba kitu walichokitoa kwenye juisi ya kranberi kiliwaachanisha bakteria wa mdomoni waliokwisha kushikana, kwenye zaidi ya nusu ya jozi za bakteria walizopima. Baadae wengine wa Chuo Kikuu cha Rochester kule New York wakaona kinapunguza nguvu ya vimeng'enya, yaani protini za hao bakteria zinazotengeneza ile gundi. Nzuri sana, ila kazi nyingi za hivi zimefanyika maabara, sio kwenye midomo ya watu wanaokula kila siku.

Na hapa ndo naomba tuwe makini jamani, hasa wenye watoto. Juisi yenyewe ina asidi kali, pH yake (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ndo kali zaidi) kama 2.5 hivi, wakati gamba la jino linaanza kulainika ikishuka chini ya 5.5, alafu za madukani nyingi zimejazwa sukari, yaani chakula kilekile cha wale bakteria! Ndo maana watafiti wanaitaka ile kemikali peke yake, waiweke kwenye dawa ya mswaki au ya kusukutua. Ukiipenda juisi tafuta isiyoongezwa sukari, kunywa na chakula, sukutua na maji, mswaki subiri kama nusu saa. Fizi zikitoka damu kila siku nenda kwa daktari wa meno, usikae unasubiri juisi.