Kwa nini “thy kingdom come” haina s

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana makini anayesoma Kiingereza ili akakifundishe, aliniletea daftari akiwa na uhakika kwamba amegundua kosa. Alikuwa amenakili Sala ya Bwana kutoka Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, na pale penye “thy kingdom come” akaongeza s kwa kalamu nyekundu. Ufalme ni mmoja, alisema, basi lazima iwe “comes”.

Nilimwomba aisome sala hiyohiyo kwa Kiswahili, polepole. Alipofika “ufalme wako uje” akanyamaza. Hakuna aombaye “ufalme wako unakuja”. Hatutoi habari pale, tunaomba.

Kiingereza nacho kilikuwa na dhamira tegemezi, yaani umbo la kitenzi la kuomba au kutakia, kama yetu. Katika Injili zilizotafsiriwa kwa Kiingereza cha kale karibu na mwaka 1000, maneno hayo yaliandikwa “tobecume þin rice” (herufi þ ni th ya leo). Tazama mwisho wa kitenzi “tobecume”: ni e. Kufanana kwake na e ya “uje” ni bahati tu, kwa kuwa lugha hizi hazina undugu, lakini kazi yake ni ileile. Karne zilivyopita, vokali za mwisho zisizotiwa mkazo zilififia katika Kiingereza, e ile ikanyamaza, kitenzi kikabaki kitupu. Kwa hiyo “come” haijapungukiwa na s. Imepoteza e iliyokuwa ikitamkwa. Ndivyo ilivyo pia “God save the King”.

Mstari wa kwanza wa sala una jambo ambalo Mswahili hulishika haraka kuliko Mwingereza wa leo: “Our Father which art in heaven”. Wengi hudhani “art” ni neno la heshima la kanisani. Kumbe ni kitenzi “be” katika nafsi ya pili umoja, na zamani kiliandikwa “eart”. “Baba yetu” linasikika kama nafsi ya tatu, lakini hapa Baba anasemeshwa, hivyo kitenzi kinafuata wewe. Sisi tunasema “uliye mbinguni”, si “aliye mbinguni”, kwa sababu hiyohiyo. U ya “uliye” na t ya “art” zinamwelekea mtu yuleyule.

“Thou” ni wewe, mmoja. Kuanzia karne ya 13, kwa kuiga Kifaransa, Waingereza walianza kuwasemesha wakubwa kwa wingi, yaani “ye” na “you”. “Thou” ikabaki kwa watoto, watumishi, wapenzi, na kwa Mungu. Anayeomba kwa “thou” basi hampi Mungu cheo, bali anamsogelea. Nalisisitiza hili kila mwaka darasani, maana neno lililokuwa la karibu kabisa sasa linasikika kama la mbali kabisa, na sala inapoteza joto lake.

Kiambishi cha nafsi Kiswahili hukiweka mbele ya kitenzi. Kiingereza cha zamani kilikiweka nyuma. Katika “thou lovest”, -est inafanya kazi ya u-. Katika “he loveth”, -eth inafanya kazi ya a-. Ukilielewa hili, huhitaji kukariri chochote. “I loveth” ni sawa na “mimi anapenda”, na “they hath” ni “wao ana”. Na hiyo -est mwanzoni ilikuwa -es tu. Kiwakilishi “þu” kilipokuja baada ya kitenzi, kama katika swali, sauti zilishikana, “bindes þu” ikawa “bindestu”, na wasemaji wakaichukua t kuwa mali ya kitenzi.

Lakini mbona “thou shalt not kill” ina t peke yake, na “he shall” haina -eth kabisa? Hapa ndipo ninapopenda kukaa. “Shall”, “can” na “may” zilizaliwa kama vitenzi vya wakati uliopita, halafu maana yake ikahamia wakati uliopo. Kwa msemaji wa Kiswahili si ajabu hata kidogo. Tunasema “nimechoka”, “amesimama”, “nimeelewa”: tendo limekwisha, hali iko sasa. Mfano mzuri kuliko yote ni “wot”, yaani “najua”. Kwa asili ilimaanisha “nimeona”, na mzizi wake ndio ule wa kitenzi cha Kilatini “videre”, kuona. Nimeona, basi najua. Wakati uliopita haukuwa na -eth, ndiyo maana vitenzi hivi havikuipata, na ndiyo maana mpaka leo “he cans” ni kosa. Nayo t ya “shalt” ni masalia ya kiambishi cha kale cha nafsi ya pili katika wakati uliopita, kikongwe kuliko -est.

Hiyo -eth ilikuwa ya kusini mwa Uingereza. Kaskazini walisema -s, na s ikateremka polepole hadi London. Karibu na mwaka 1600 zote mbili zilitumika pamoja, na Shakespeare aliziweka katika mstari mmoja: “It blesseth him that gives and him that takes”. Umo katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina *Mabepari wa Venisi*, iliyotoka 1969. Mwaka 1643 mwalimu Richard Hodges aliandika kwamba watu huandika “leadeth” na “maketh” lakini hutamka “leads” na “makes”. Tahajia ilikuwa imebaki nyuma ya ulimi. Kwa hiyo usishangae kuambiwa kuwa “saith” husomwa “seth”, au kuwa “hath” ni “haveth” iliyobanwa.

“Doth” na “doeth” zina mgawanyo unaofaa kuujua. Katika Biblia ile, “doth” ni kitenzi kisaidizi, kama katika “my soul doth magnify the Lord”. “Doeth” ni kutenda kwenyewe: “whatsoever he doeth shall prosper”.

Ile “ye” ya vibao vya maduka, “ye olde”, haihusiani na “ye” ya ninyi. Ni “the”, iliyoandikwa kwa herufi ya kale þ, ambayo katika mwandiko wa mkono ilikuja kufanana na y.

Limebaki “methinks”, ambalo hutafsiriwa “nadhani”. Tafsiri hiyo inafikisha ujumbe lakini inaficha muundo. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana: “þencan”, kufikiri, na “þyncan”, kuonekana. “Methinks” inatokana na hiki cha pili. “Me” iliyomo ni “kwangu”, kama -ni- ya “yaniwia vigumu”, na mtenda ni jambo lenyewe linalomjia mtu, lisilotajwa. Ndiyo maana neno hili lina s, ingawa anayelitamka anasema habari zake mwenyewe.