Kabla ya Kugusa Kilengeo cha Gobore Lako

Majimbo mengi ya Marekani hutenga siku maalumu za kuwinda kulungu kwa gobore, yaani bunduki inayojazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, mbali na msimu wa bunduki za kawaida. Pennsylvania ilianzisha msimu wake wa gumegume mwaka 1974, na hadi leo wawindaji wake huingia porini baada ya Krismasi na bunduki inayowashwa kwa cheche za jiwe. Ohio huwinda kwa gobore mwezi Januari. Colorado ni Septemba, na huko darubini hairuhusiwi katika msimu huo, wala baruti ya vidonge, wala risasi iliyovikwa kikombe cha plastiki. Sheria hutofautiana jimbo kwa jimbo, ila kote mwindaji anategemea risasi moja. Hata mwenye mikono myepesi hawezi kushindilia ya pili kabla kulungu hajatokomea.

Ndiyo maana wiki chache kabla ya msimu viwanja vya shabaha hujaa watu, na sisi tunaofundisha elimu ya uwindaji tunaona kosa lilelile kila mara. Mtu anabandika karatasi yadi 100, anapiga, risasi inaangukia chini kushoto. Anashika bisibisi, anasogeza kilengeo, anapiga tena: sasa imekwenda juu kulia. Anasogeza tena. Jioni baruti imeisha, bega linauma, na bunduki ina shabaha mbovu kuliko ilivyotoka nyumbani. Mara nyingi kilengeo hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika kushindilia.

Anayetumia bunduki ya kawaida hununua risasi ambazo kiwanda kimeshapima baruti, kimeshaikaza risasi na kuziba kila kitu. Kwenye gobore, kiwanda ni wewe, palepale mezani. Ukipima baruti ovyo, ukisukuma risasi kwa nguvu leo na kwa ulegevu kesho, kila mlio utakuwa wa bunduki nyingine. Kabla ya kurekebisha shabaha, hakikisha unafanya kitu kilekile kila unaposhindilia.

Hili nalisisitiza zaidi kwa wenzetu wa Afrika Mashariki na Kongo wanaoanza kuwinda huku. Mkenya aliyezaliwa baada ya 1977, mwaka uwindaji ulipopigwa marufuku nchini mwake, huenda hajawahi kushika bunduki ya kuwindia. Mtanzania au Mkongomani anaweza kuwa amelijua gobore la mhunzi wa kijijini, lenye mtutu laini, linalojazwa goroli au vipande vya chuma na kupigwa kwa karibu. Gobore linalouzwa dukani Marekani kwa kawaida ni chombo tofauti. Ndani ya mtutu wake kuna mifereji iliyochongwa kwa mzunguko ili risasi itoke ikizunguka na kushika njia. Linadai risasi iliyokaa sawasawa kwenye mifereji hiyo, tena moja tu.

Tuanze na baruti. Baruti nyeusi na mbadala wake hupimwa kwa ujazo, kwa kipimo chenye alama za greni, kizio kidogo cha kupimia baruti. Usimimine kutoka kwenye chupa au pembe moja kwa moja hadi mtutuni: kaa dogo lililobaki ndani likiiwasha, moto utapanda hadi kwenye chupa iliyo mkononi mwako. Mimina kwanza kwenye kipimo, funga chupa, iweke mbali, ndipo ujaze. Mbadala nao hawalingani. Pyrodex hupimwa kwa ujazo uleule wa baruti nyeusi, lakini Triple Seven ina nguvu zaidi, na ukitaka mwendo uleule wa risasi unapunguza ujazo kwa asilimia 15. Kiwango cha juu ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha bunduki yako, si alichokwambia jirani. Na baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, isiingie kabisa kwenye gobore ambalo halikutengenezwa mahususi kwa ajili yake. Mitutu imepasuka kwa sababu hiyo, na watu wamepoteza vidole na macho.

Sasa mdeki, ile fimbo ya kushindilia. Kama kuna kitu kimoja nataka ukifanye kabla ya kutoka nyumbani, ni kuweka alama kwenye mdeki wako. Hakikisha bunduki ni tupu, uteremshe mdeki hadi chini kabisa, uchore mstari pale mdomo wa mtutu unapoishia. Kisha, ukiwa uwanjani, shindilia baruti na risasi unazokusudia kutumia, teremsha mdeki hadi ukae juu ya risasi, na uchore mstari wa pili. Mstari wa kwanza unakwambia bunduki ni tupu. Wa pili unakwambia risasi imefika juu ya baruti. Mstari wa pili usipofika mdomoni, risasi imekwama njiani, na nafasi iliyo kati yake na baruti inaweza kuupasua mtutu. Ukizama kupita mdomo, huenda umesahau baruti. Mstari ukiwa juu mno, pengine ulijaza mara mbili. Wengi huangalia mstari huu siku ya kwanza tu. Uangalie kila risasi, na usukume kwa nguvu ileile kila mara, risasi ikae imara juu ya baruti bila kuipondaponda.

Baada ya kila mlio mtutu hubaki na masizi. Baruti nyeusi huacha mengi, na risasi ya tatu hushuka kwa shida kuliko ya kwanza. Hapo ndipo shabaha inapoyumba. Pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, kati ya kila risasi na nyingine. Usiloweshe sana, maji yakiingia chini yatailowesha baruti inayofuata. Kwa bunduki ya fataki, yaani inayowashwa kwa kikombe kidogo chenye kilipuzi badala ya jiwe, kabla ya kushindilia risasi ya kwanza ya siku, piga fataki moja au mbili tupu mtutu ukielekea kwenye tuta la udongo nyuma ya shabaha, mafuta yaliyobaki kwenye tundu la moto yaungue.

Hapo sasa unaweza kukaa mezani. Anza yadi 25, si 100. Laza mbao ya mbele ya bunduki kwenye mfuko wa mchanga. Mtutu wenyewe usiguse kitu. Piga risasi tatu ukilenga alama ileile, hata kama ya kwanza imekwenda pembeni, na usiguse kilengeo mpaka zote tatu zimekwisha. Tundu moja halikwambii kitu. Matatu yakikusanyika, tafuta katikati yake, kisha pima kutoka hapo hadi ulipolenga. Yakitawanyika, rudi kwenye namna unavyoshindilia, au jaribu kiasi kingine cha baruti ndani ya kiwango, kitambaa kizito zaidi cha kufungia risasi, au aina nyingine ya risasi. Mtutu ambao mifereji yake inazunguka polepole, mzunguko mmoja kwa inchi 66 kwa mfano, hupenda risasi ya mviringo iliyofungwa kitambaa. Wenye mzunguko mmoja kwa inchi 28 hupenda risasi ndefu. Kuilazimisha bunduki ile isichokipenda ni kupoteza baruti.

Kilengeo cha nyuma husogezwa kule unakotaka risasi iende. Cha mbele husogezwa upande wa pili. Kiasi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tuseme vilengeo vyako viko umbali wa inchi 28 kutoka kimoja hadi kingine, na unapiga yadi 50, yaani inchi 1,800. Kuihamisha risasi inchi 3 unahitaji kusogeza kilengeo kidogo zaidi ya milimita 1. Anayegonga kwa nyundo kilengeo kilichobana hukipitisha mara tatu ya hapo. Kwenye darubini, kila mlio wa kifundo kwa kawaida huhamisha risasi robo inchi yadi 100, ambayo ni sehemu ya 16 ya inchi yadi 25. Ukiwa umekosea inchi 2 katika yadi 25, unahitaji milio 32 ya kifundo. Hesabu kwanza, ndipo uzungushe.

Nenda yadi 50, halafu 100 kama bunduki na macho yako vinaruhusu. Risasi ya mviringo hupoteza mwendo haraka, na kati ya yadi 50 na 100 hushuka inchi kadhaa. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu wa mkia mweupe lina upana wa takriban inchi 8. Umbali ambao risasi zako zinaanza kutoka nje ya duara hilo ndio mpaka wako porini. Mnyama aliyejeruhiwa akakimbia kufa kichakani ni jambo la kuhuzunisha, na mara nyingi linaanzia kwa mtu aliyeona aibu kukubali kwamba mpaka wake ni yadi 60.

Siku nyingine rudi uwanjani na bunduki ikiwa kama utakavyoibeba porini, safi na baridi, upige risasi moja tu yadi 50. Tundu hilo ndilo linalohesabika, maana kulungu atapata ya kwanza, si ya tatu iliyopigwa mtutu ukiwa na joto.

Ukifyatua na bunduki isilie, usiishushe wala usichungulie mdomoni. Iache imeelekea kwenye tuta kwa dakika nzima, kwani moto unaweza kuchelewa. Kisha badilisha fataki au baruti ya kuwashia ujaribu tena. Isipolia, mwite msimamizi wa uwanja.

Osha mtutu siku hiyohiyo kwa maji ya moto na sabuni. Masizi hunyonya unyevu wa hewa, na kutu inaweza kuanza usiku huohuo. Kausha, paka mafuta mepesi. Asubuhi ya kuwinda, yafute yote kabla ya kushindilia.