Kwa nini watu wanakesha kuwangoja kina Shaq na Barkley wakati mechi imeshaisha?

Mechi imeisha, mshindi ameshajulikana, kule Marekani ni saa saba usiku na watu wana kazi asubuhi, lakini TV haizimwi. Wanawangoja wazee wanne waliokaa meza moja huko Atlanta, Ernie Johnson, Kenny Smith, Charles Barkley na Shaquille O'Neal, yaani kipindi cha Inside the NBA, cha kuchambua NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Huku Afrika Mashariki muda huo ni saa mbili au saa tatu asubuhi, kumeshakucha zamani, kwa hiyo wengi wetu tumekijua kwa vipande vya YouTube tukiwa kwenye daladala, na nawafahamu watu ambao hata msimamo wa ligi hawaufuatilii ila kipande kipya cha Barkley lazima wakione. Sasa kwa nini?

Jibu la haraka ni kwamba wanachekesha. Mimi naona hilo halitoshi, maana wachezaji wastaafu wanaochekeshana kwenye TV wako wengi na hawashiki watu hivi. Ernie alianza kukiongoza kipindi hiki mwaka 1990, Kenny akaja 1998, Barkley 2000 alipostaafu tu, Shaq akaongezeka 2011. Wanachofanya pale ni utani, na nasema utani ule tunaoujua sisi, kama wa Mnyamwezi na Mzaramo, ambao una masharti yake. Huwezi kuwa mtani wa mtu uliyekutana naye jana. Lazima kuwe na kitu nyuma yenu, na mara nyingi ni ugomvi, ndio mnapata ruhusa ya kuambiana lolote na hakuna wa kununa.

Na hawa nyuma yao kuna mambo mazito. Barkley alikuwa MVP, yaani mchezaji bora, wa ligi 1993, akaipeleka Phoenix Suns fainali, akafungwa na Chicago Bulls ya Jordan. Mwaka uliofuata Suns wakatolewa na Houston Rockets kwenye mechi ya saba, ile ya mwisho ya kuamua, na 1995 wakatolewa tena na Rockets hao hao, mechi ya saba tena. Na nani alikuwa anaanza kama pointi gadi, yaani mpanga mashambulizi, wa Rockets? Kenny Smith. Mwaka huo huo 1995 Rockets wakaingia fainali na Orlando Magic ya Shaq akiwa bado kijana, mechi ya kwanza Kenny akatupia mitupo saba ya pointi tatu, mmoja ukiwa ule wa kusawazisha sekunde za mwisho, Magic wakalainika na wakafungwa mechi nne bila. Kwa hiyo jamaa mfupi kuliko wachezaji wenzake pale mezani, ambaye hakuna anayemweka daraja moja na wenzake kwa kipaji, ameshawatoa machozi wote wawili.

Shaq na Barkley ndio usiseme. Novemba 1999, Lakers na Rockets (Shaq alikuwa amehamia Los Angeles Lakers, Barkley amehamia Houston), Barkley alimrushia Shaq mpira kichwani, wakavaana, wakaanguka wote chini mbele ya uwanja mzima. Leo wanakaa viti vinavyopakana. Shaq ana pete nne za ubingwa, Kenny mbili, Barkley hana hata moja, na hilo la pete analiambiwa kila mara, kila akianza kumkosoa mchezaji Shaq anaanza kuhesabu vidole. Barkley anafoka, anajibu, wiki ijayo anarudi pale pale. Mtazamaji anajua kidonda ni cha kweli, na anajua pia hakuna atakayesimama aondoke kwa hasira, na hapo ndipo raha ilipo.

Tukio ambalo mimi huwa namwonyesha mtu asiyekijua kipindi ni la punda. Novemba 2002 Yao Ming ndio kwanza ametoka China, chaguo la kwanza kwenye drafti, ile siku timu zinapochagua wachezaji wapya, Barkley hamwamini kabisa, akamwambia Kenny kwamba huyo akifunga pointi 19 kwenye mechi moja nitakubusu makalio. Siku chache tu baadaye Yao akawafunga Lakers pointi 20 bila kukosa hata shuti moja. Kwa Kiingereza chao neno la makalio na neno la punda ni moja, basi Kenny akaleta punda mzima mzima, mwenye manyoya na mkia, ndani ya studio. Barkley, na suti yake, akainama akambusu nyuma. Angeweza kukwepa, angeweza kusema nilikuwa natania, lakini aliahidi hewani na akalipa hewani.

Na amekosea mara nyingi tu. Kwa miaka aling'ang'ania kwamba timu inayotegemea kurusha kutoka mbali haichukui ubingwa, Golden State Warriors wakachukua 2015, wakachukua 2017, wakachukua 2018, na kila safari walimrudishia maneno yake mezani. Wachambuzi wengi wa michezo wanaongea kama wanaogopa kushtakiwa, huyu anasema anachokiamini na kesho anabeba aibu yake mwenyewe, na nadhani watu wanamwamini kwa sababu hiyo hiyo, sio kwamba yuko sahihi.

Hili lisingewezekana kama kila kitu kingekuwa kimeandikwa. Mtayarishaji wao wa miaka mingi, Tim Kiely, aliwaacha waongee bila kukaririshwa, kazi ya waliokuwa nyuma ya kamera ilikuwa kuwatega, picha inatokea kwenye skrini hawajawahi kuiona, kama zile za timu iliyotolewa wachezaji wake wamepachikwa kwenye boti wanavua samaki, yaani msimu wao umeisha wakapumzike, wao wanaanza kuishangaa pamoja na sisi. Halafu kuna Ernie. Hajacheza NBA, na watu wanamsahau, lakini bila yeye kile ni kelele tupu. Anajua aache mabishano yafike wapi, anajua lini atupie takwimu moja kila mtu anyamaze, na hashindani na yeyote kwa ujuaji. Kila kijiwe kina mzee wa namna hiyo, asiyeongea sana, na siku asipokuja watu wanatawanyika mapema.

Sasa tukumbuke mtani ana kazi nyingine. Msiba ukitokea, watani ndio wanakuwa mbele. Kobe Bryant, nyota wa zamani wa Lakers, alifariki 26 Januari 2020 kwenye ajali ya helikopta pamoja na binti yake Gianna na watu wengine saba. Siku mbili baadaye Lakers walikuwa wacheze, mechi ikaahirishwa, kipindi kikafanyika hivyo hivyo, viti vikiwa vimepangwa katikati ya uwanja wa Lakers, Staples Center, majukwaa matupu. Shaq, aliyechukua pete tatu na Kobe na kugombana naye miaka, alikuwa ametoka kumzika dada yake miezi michache tu nyuma. Alilia waziwazi, akasema anatamani angepata nafasi ya kuwaambia neno la mwisho waliomtangulia. Wenzake hawakumkatiza. Agosti mwaka huo huo, Milwaukee Bucks walipogoma kucheza baada ya Jacob Blake, Mmarekani mweusi, kupigwa risasi na polisi, Kenny alisema kama mtu mweusi na mchezaji wa zamani anaona bora awaunge mkono wenzake, akavua maiki, akatoka. Kiti kikabaki wazi na Ernie akaliheshimu jambo hilo.

Ndio maana 2024 NBA iliposaini mkataba mpya wa miaka 11 na dola bilioni 76 na Disney, NBC na Amazon, TNT, chaneli iliyokuwa ikikirusha kipindi hiki, ikaachwa nje, watu walilia kwa ajili ya kipindi kuliko kwa ajili ya mechi. Mei 31, 2025 wakaagana na TNT, usiku Indiana Pacers walipowatoa New York Knicks. Oktoba wakatokea ESPN, chaneli ya michezo ya Disney, ila kinachotengenezwa bado ni kile cha Atlanta na watu wale wale nyuma ya kamera. Niliangalia kwanza viti: Ernie kushoto, Kenny, Charles, na Shaq mwisho kulia.