Kuponi ya hatifungani huhesabiwa juu ya nini?

Hatifungani ni hati ya deni: anayeinunua ameikopesha serikali au kampuni fedha kwa muda uliotajwa, na riba anayolipwa kila kipindi ndiyo inayoitwa kuponi. Jina hilo ni masalio ya zama za karatasi, ambapo hati ilikuwa na vipande vidogo pembeni, na mwenye nayo alikata kimoja kila tarehe ya malipo ilipofika akakipeleka benki. Siku hizi mkaazi wa Mombasa hununua hatifungani za serikali ya Kenya kwa simu, kupitia DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu uliopewa jina la jahazi (jina ambalo sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufafanuliwa), na kuponi huingia kwenye akaunti yake ya benki kila baada ya miezi sita.

Wengi hukosea wanapodhani kwamba asilimia ya kuponi huhesabiwa juu ya bei waliyolipa, ilhali huhesabiwa juu ya thamani iliyoandikwa kwenye hatifungani. Hatifungani ya miundombinu iliyotolewa Februari 2024 ilikuwa na kuponi ya asilimia 18.4607 isiyokatwa kodi, kwa hiyo aliyeshika ya shilingi 100,000 alistahili malipo ya kwanza ya takriban shilingi 9,230, yaani nusu ya riba ya mwaka.

Chukua sasa hatifungani ya thamani ya shilingi 100,000 yenye kuponi ya asilimia 12. Italipa 12,000 kwa mwaka, 6,000 kila awamu, hata ikiuzwa mara ngapi, kama vile mpangaji wa Kisauni anavyoendelea kulipa kodi ileile ya mkataba hata nyumba ikipata mwenyewe mpya. Riba sokoni ikipanda, hatifungani mpya hutoka na kuponi kubwa zaidi, na hii ya zamani haitapata mnunuzi mpaka ishuke bei. Aliyeipata kwa 90,000 bado hupokea 12,000 zilezile, ambazo kwake ni zaidi ya asilimia 13 ya fedha alizotoa, na ikiiva, yaani muda wa mkopo ukiisha, hulipwa 100,000 kamili. Aliyeinunua kwa 110,000 hupata chini ya asilimia 11, na siku ya kuiva hupoteza 10,000.

Bili za Hazina, yaani hati za deni la muda mfupi la serikali, za siku 91, 182 na 364, hazina kuponi kabisa: huuzwa chini ya thamani yake, na tofauti ndiyo faida.

Kwa Mwislamu anayejiepusha na riba, kuponi ni riba hata ikiitwa kwa jina zuri kiasi gani, naye huelekezwa kwenye sukuk, hati za uwekezaji za Kiislamu, ambazo mapato yake hutokana na mali halisi, kwa mfano kodi ya pango inayolipwa na wapangaji wa majengo.

Anayenunua hatifungani katikati ya miezi sita humlipa muuzaji riba ya siku ambazo muuzaji huyo alikwisha kuishika, kisha tarehe ya malipo ikifika hupokea kuponi nzima yeye.