Chombo Si Shehena: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Dawa za Nano za Saratani

Wiki shangazi yangu alipoanza dripu za kemo kwa saratani ya titi, simu yake haikutulia. Ndugu, majirani, wenzake wa kikundi cha kina mama, kila mmoja alimtumia ujumbe wa sauti. Mmoja ulimsihi aachane na ile "sumu nyekundu" ya hospitali atafute dawa ya nano, inayokwenda kwenye uvimbe tu bila kugusa pengine. Mwingine ulimwonya kwamba nano ni vidude vya kupandikizwa mwilini. Akanipa simu. "Mwanangu, wewe uliyesoma, nishike lipi?"

Nilijibu nusunusu siku ile, kwa sababu hata mimi sikuwa nimelielewa vizuri. Nikasoma, nikauliza, nikarudi kwake na neno moja: chombo. Kwetu chombo ni kitu cha kutilia, na chombo pia ni jahazi. Chembe nano ni chombo kwa maana zote mbili. Imetiliwa dawa, na inaisafirisha. Shehena iliyomo, mara nyingi, ni dawa ile ile ya kemo iliyoko hospitali miaka mingi.

"Nano ni kijimashine kinachoisaka saratani"

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hadi 100,000. Seli nyekundu ya damu ina upana wa kama 7,000. Chembe za dawa iitwayo Doxil zina nanomita 80 hadi 100 hivi. Kwa hiyo ni ndogo kweli, lakini udogo haukifanyi kitu kuwa mashine.

Doxil ni povu la mafuta. Ukuta wake ni tabaka mbili za mafuta ya aina ile ile inayojenga kuta za seli zetu, na ndani mna maji na dawa. Mapovu haya huitwa liposomu. Aliyeyabaini ni Alec Bangham, katika miaka ya 1960, kwenye taasisi ya Babraham karibu na Cambridge, Uingereza, alipokuwa akichunguza mafuta hayo ndani ya maji kwa hadubini ya elektroni. Miaka mingi baadaye Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon wa Jerusalem walipata njia ya kuyajaza doksorubisini, ile dawa nyekundu. Walitumia tofauti ya chumvi kati ya ndani na nje ya povu kuivuta dawa iingie, na ikishaingia inaganda kama chembe za sukari na kushindwa kutoka. Povu moja hubeba molekuli zaidi ya 10,000. Halina betri, halina macho, halijui saratani ni nini. Linachukuliwa na damu tu.

Abraxane, dawa nyingine ya nano, ni paklitakseli, dawa ya kemo, iliyofungwa na albumini, protini ambayo damu ya kila mmoja wetu imejaa.

Hata hivyo, habari ya "kijimashine" haikuzuka hewani. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kazi waliyofanya kwa panya, wakitumia vipande vya DNA vilivyokunjwa kama kasha linalofunguka likifika kwenye mishipa ya uvimbe. Ni kazi ya kuvutia, ila ni ya panya. Na kama ulichanjwa UVIKO-19 kwa chanjo ya Pfizer au Moderna, umeshapokea chembe nano za mafuta. Zilibeba maelekezo ya kutengeneza protini moja ya kirusi, kisha zikavunjwavunjwa na mwili.

"Inakwenda moja kwa moja kwenye uvimbe"

Hapa naomba unisikilize kwa utulivu, maana dhana hii ina ukweli ndani yake, na ndiyo inayowaumiza watu zaidi.

Mwaka 1986 Wajapani wawili, Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda, walionyesha jambo muhimu. Uvimbe hukua kwa pupa, na mishipa yake ya damu hujengwa kwa pupa vilevile, kama ukuta uliojengwa usiku bila fundi. Una mianya. Vitu vikubwa ambavyo haviwezi kupenya mshipa wa kawaida hupenya pale, na kwa kuwa uvimbe hauna mifereji mizuri ya kutoa maji yake, vikiingia hukwama. Dawa za nano za saratani kwa miaka mingi zilisimama juu ya wazo hili: kiache chombo kizunguke kwenye damu kwa muda mrefu, kitajikusanya chenyewe kwenye uvimbe.

Je, hujikusanya kiasi gani? Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto lilipitia tafiti za miaka kumi zilizofanywa kwa wanyama, wakapata kwamba kwa kawaida asilimia 0.7 ya chembe zilizodungwa ndiyo hufika kwenye uvimbe. Chembe saba kati ya elfu moja. Wapo wanasayansi waliopinga namna hesabu hiyo ilivyofanywa, lakini hakuna aliyesema nyingi ndizo hufika. Nyingi huishia kwenye ini na bandama, kwa sababu huko ndiko waliko walinzi wa mwili, seli zinazomeza kila kigeni kinachopita na damu. Ndiyo maana chembe za Doxil zimevishwa koti la polietilini glaikoli, ili zisitambuliwe upesi. Koti huchelewesha tu.

Mwaka 2020 kundi hilo hilo likaonyesha kwamba, katika uvimbe waliouchunguza, chembe nyingi hazikupita kwenye mianya. Zilivushwa na seli za ukuta wa mshipa wenyewe. Maelezo yaliyofundishwa kwa zaidi ya miaka 30 yakapata doa. Siku nilipolisoma hilo niliheshimu sayansi zaidi, si pungufu.

Basi wengine wakasema tukibandike chombo anwani, yaani molekuli inayoshika alama fulani kwenye seli ya saratani. Wazo zuri, ila anwani haisaidii mzigo ambao haujafika mtaani. Dawa iliyoitwa BIND-014 ilikuwa na anwani ya namna hiyo na matumaini makubwa nyuma yake. Matokeo kwa wagonjwa hayakuridhisha, na mwaka 2016 kampuni iliyoitengeneza ikaomba kufilisiwa.

Kuna upande wa pili wa jambo hili la ini na bandama ambao sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuujua. Kalaazar, ugonjwa unaosumbua Baringo, Turkana na Pokot Magharibi huko Kenya, husababishwa na vimelea vinavyojificha ndani ya seli zile zile za walinzi, kwenye bandama, ini na uboho. Ukitia dawa ya amfoterisini kwenye liposomu, walinzi wanaimeza wenyewe na kuifikisha mlangoni kwa adui. Kasoro inayowasumbua watu wa saratani ndiyo nguvu ya tiba ya kalaazar.

"Haina madhara"

Shangazi alishika hili kuliko yote. Nywele zilikuwa zimeanza kubaki kwenye kitana.

Doksorubisini ya kawaida huangusha nywele, huchafua tumbo, na jambo la hatari zaidi ni kwamba hudhuru misuli ya moyo kadiri jumla ya dozi inavyopanda. Madaktari hujumlisha dozi zote za maisha, na wakikaribia miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili wanakuwa waangalifu sana. Ukiitia kwenye liposomu, kuta za mishipa ya moyo, zisizo na mianya ile, huzuia mizigo mingi isipite. Moyo unapumua.

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliowalinganisha wanawake 509 wenye saratani ya titi iliyosambaa, wengine wakipewa doksorubisini ya kawaida, wengine ya liposomu. Waliopoteza nywele walikuwa asilimia 66 kwa ile ya kawaida na asilimia 20 kwa ya liposomu. Madhara ya moyo nayo yalipungua sana. Lakini viganja na nyayo kuwa vyekundu, kuvimba na kuchubuka kuliwapata asilimia 48 ya waliopewa liposomu, dhidi ya asilimia 2 kwa wale wengine. Sababu ni kwamba chembe zinazozunguka kwa siku nyingi huvuja polepole kwenye vimishipa vya ngozi, hasa panapominywa na kusuguliwa. Kwa mama anayefua, kulima au kusonga ugali kila siku, viganja si jambo dogo. Ndiyo maana wauguzi husisitiza maji yasiwe ya moto na viatu visibane.

Kisha kuna dripu ya kwanza. Baadhi ya wagonjwa hubanwa kifua, uso huwaka, mgongo huuma ghafla. Mara nyingi dripu ikisimamishwa au kupunguzwa kasi hali hutulia, lakini muuguzi lazima awe karibu. Na aina mbili hizi za doksorubisini, ya kawaida na ya liposomu, hazibadilishani miligramu kwa miligramu. Dozi ya moja si dozi ya nyingine, na kuzichanganya ni kosa linaloweza kuua.

Paklitakseli ina hadithi inayofanana. Haiyeyuki kwenye maji, hivyo kwa kawaida huyeyushwa kwa kemikali inayotokana na mafuta ya mnyonyo pamoja na alkoholi, na mchanganyiko huo huwaletea baadhi ya wagonjwa mzio mkali. Abraxane iliuondoa. Ganzi ya vidole, ambayo ni tabia ya paklitakseli yenyewe, imebaki. Shehena haijabadilika.

Daktari wa shangazi alimweleza kwa hesabu. Dozi nne za miligramu 60 kwa kila mita ya mraba ni 240, chini sana ya ile 450, na moyo wake ulipimwa kabla ya kuanza ukaonekana mzima. Kwake yeye, dawa nyekundu ya kawaida ilikuwa chaguo sahihi. Hakunyimwa kitu.

"Inaponya hata palipokata tamaa"

Katika utafiti ule wa wanawake 509, waliopewa ya liposomu waliishi wastani wa miezi 21, na wale wa kawaida 22. Yaani sawa. Faida ilikuwa kwenye namna walivyoishi hiyo miezi.

Kwa saratani ya kongosho, utafiti wa mwaka 2013 wa wagonjwa 861 uliongeza Abraxane juu ya dawa ya jemsitabini, na wastani wa kuishi ukatoka miezi 6.7 hadi 8.5. Zingatia kwamba hapo dawa mbili zilishindana na moja, hivyo sifa yote haiwezi kwenda kwa chombo.

Mfano unaonigusa zaidi ni Vyxeos, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa aina kali ya saratani ya damu. Dawa zilizomo, sitarabini na daunorubisini, zilikuwa zikitumika pamoja kwa miongo mingi. Zilipofungwa kwenye liposomu moja kwa uwiano wa tano kwa moja, wazee wa miaka 60 hadi 75 waliishi wastani wa miezi 9.56 badala ya 5.95. Dawa zile zile, chombo tofauti. Miezi mitatu na nusu si kupona, lakini ni arusi ya binti, ni mavuno ya msimu mmoja, na sitamruhusu mtu aiite si kitu.

"Wanatujaribia sisi Waafrika"

Naielewa hofu hii, nami siidharau. Ila kwa jambo hili, kinachoniuma ni kinyume chake.

Doxil iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, dawa ya nano ya kwanza ya saratani, na ugonjwa wa kwanza kuidhinishiwa ulikuwa saratani ya Kaposi, inayojitokeza hasa kwenye ngozi, kwa watu wenye UKIMWI. Kaposi ni ugonjwa wetu. Ulikuwepo Uganda na maeneo jirani kabla UKIMWI haujajulikana, na UKIMWI ulipokuja ukauzidisha. Katika nchi tajiri Doxil ikawa tiba ya mbele kwa Kaposi iliyokithiri. Huku kwetu bei ilifunga mlango. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa wa Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazili, ulilinganisha tiba tatu zinazopatikana kwa urahisi pamoja na ARV, na paklitakseli ya kawaida ikashinda. Doxil haikuwamo hata kwenye mashindano.

Shirika la Afya Duniani liliiweka doksorubisini ya liposomu kwenye orodha ya dawa muhimu kwa Kaposi mwaka 2023. Ni miaka 28 baadaye. Na hata bei ikishuka, inataka friji ya nyuzi 2 hadi 8 muda wote, bila kugandishwa, kutoka kiwandani hadi wodini.

"Hata ya chupa ni nano"

Mwezi wa tatu wa tiba, mtu alimletea shangazi chupa yenye maandishi ya dhahabu: maji ya nano, yenye madini ya fedha, kijiko asubuhi na jioni, aache kemo. Dawa za nano za saratani nilizozitaja hapa zote hutolewa kwa dripu, hospitalini. Madini ya fedha ya kunywa hayajathibitishwa kutibu saratani yoyote, na ukiyatumia muda mrefu yanaweza kuigeuza ngozi rangi ya kijivubuluu isiyotoka tena.

Shangazi aliipokea chupa kwa adabu, akaigeuza huku na huku. Akamuuliza aliyeileta, "Hiki ni chombo, mwanangu. Ndani mna dawa gani, na ni miligramu ngapi?"

Yule kijana alikaa kimya, akasema atakwenda kuuliza. Jumatatu shangazi alikuwa kwenye benchi lake, kitambaa kichwani, akisubiri dripu ya nne.