Je, wajua kwa nini kidole cha pete hugoma kuinuka peke yake?

Laza kiganja mezani, kunja kidole cha kati kiingie chini yake, kisha jaribu kuinua vingine kimoja kimoja. Gumba litapanda, cha shahada kitapanda, hata cha mwisho. Cha pete hakibanduki.

Sababu iko kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiwiko cha kiganja. Nyuma ya kigasha kuna misuli ya juu na ya ndani. Msuli mkuu wa juu hutoa kano nne, yaani kamba zinazounganisha msuli na mfupa, za kunyoosha vidole vinne, nazo zimeunganishwa kwa vikamba kwenye mgongo wa kiganja: ukikibana cha kati, cha pete nacho kimebanwa. Cha mwisho kina msuli wake wa ziada hapo juu. Cha shahada kina wake ndani kabisa, na ndio anaoutumia makanga wa Kondele, Kisumu, akiinua kidole akiita "bado mmoja!"

Misuli ya ndani ni mitano. Mmoja ni ule wa cha shahada, mitatu ni ya gumba. Linyooshe kwa nguvu uone kishimo kinachotokea kwenye shina lake, katikati ya kano. Mtu wa boda boda akianguka na kujikinga kwa kiganja, kisha kishimo hicho kikauma kikibonyezwa, achukuliwe kuwa amevunjika mfupa mdogo ulio chini yake, hata kama eksirei ya kwanza ni safi. Hufungwa plasta ngumu na kupigwa eksirei nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Mfupa huo hupata damu kutokea upande wa vidole, kwa hiyo ukikatika, kipande cha upande wa kigasha huweza kufa.

Kano mbili za gumba hupita pamoja kwenye mfereji mwembamba. Kupara samaki kutwa pale ufuo wa Dunga, Kisumu, au kumnyanyua mtoto mchanga kila mara, huzisugua hadi mfereji uvimbe. Daktari Mswisi Fritz de Quervain alieleza maradhi haya mwaka 1895. Ficha gumba ndani ya ngumi, uinamishe mkono upande wa kidole cha mwisho: maumivu makali juu ya mfereji ni dalili. Pumzisha gumba kwanza, ukilifungia kibao.

Msuli wa tano huuzunguka mfupa karibu na kiwiko na kugeuza kiganja kitazame juu. Fundi wa mkono wa kulia hukazia skrubu nao. Akikunja kiwiko, msuli wa mbele ya mkono wa juu humsaidia, ndiyo maana kukaza skrubu mkono ukiwa umenyooka huchosha haraka. Neva ya kunyoosha vidole hupenya katikati ya msuli huu. Ikibanwa hapo, vidole hulegea na kuning'inia lakini ngozi haifi ganzi, kwa kuwa neva hiyo haihudumii ngozi. Mgonjwa wa namna hiyo hajifanyi.